Neno "Stelingi" na Hukumu ya Watazamaji

Miongoni mwa maneno ambayo Kiswahili kimeyapata kwa njia ya sinema, ni machache yaliyopewa kazi kubwa kama neno stelingi. Katika miji midogo ya Tanzania, kama vile Tarakea iliyo wilayani Rombo, mpakani na Kenya, neno hili halihitaji kufafanuliwa. Mtoto akaaye juu ya benchi la kibanda umiza, yaani chumba cha kuonyeshea filamu na mpira kwa malipo madogo, hulijua kabla hajafundishwa shuleni neno mhusika. Tena hulijua pamoja na sheria yake, kwamba stelingi hafi. Makala haya yakusudia kueleza maana ya neno hilo na ya sheria hiyo. Mfano utakaotumiwa ni tamthilia ya Game of Thrones, iliyoonyeshwa kuanzia mwaka 2011 hadi 2019, kwa kuwa ni tamthilia iliyoivunja sheria hiyo mapema na kwa makusudi, ikazusha malalamiko makubwa duniani.

Asili ya neno ni Kiingereza. Katika mabango ya sinema, na katika maandishi yatanguliayo filamu, neno "starring" huwekwa kabla ya majina ya waigizaji wakubwa. Katika Kiingereza hilo ni umbo la kitenzi, lakini Kiswahili kimelifanya jina la mtu. Mfuatano wa sauti st umebaki kama ulivyobaki katika stesheni, stoo na stempu, wala haukutenganishwa kwa irabu kama katika sitima. Mwisho wa neno umepata irabu, kama shilingi ilivyoipata. Sauti r imegeuka l katika vinywa vya wengi, ingawa wako wasemao steringi na staringi. Kisarufi jina hili halina kiambishi katika umoja, lakini kwa kuwa lamtaja mtu, huchukua upatanisho wa viumbe. Husemwa stelingi amefika, stelingi huyu, na katika wingi mastelingi.

Maana yake ndiyo iliyo ngumu zaidi. Mtu aweza kudhani kwamba stelingi ni jina la mitaani la mhusika mkuu, lakini maneno hayo mawili hayalingani. Mhusika mkuu ni yule ambaye kisa chamzunguka, naye aweza kufa bila ya kupoteza cheo chake. Rosa, katika riwaya ya Euphrase Kezilahabi iitwayo Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971, hujiua, naye hubaki kuwa mhusika mkuu. Shujaa vilevile aweza kufa. Fumo Liyongo, ambaye habari zake zilitungiwa utenzi na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, huuawa na mwanawe mwenyewe kwa sindano ya shaba ichomwayo kitovuni, na kifo hicho hakikumpunguzia ushujaa hata kidogo. Lakini stelingi afapo, neno lenyewe huingia katika shaka. Kwa hiyo kanuni ya kwamba stelingi hafi haikutokana na masimulizi ya kale ya pwani, ambayo humzika shujaa wake kwa heshima. Kanuni hiyo ilizaliwa na filamu za mapigano, ambazo mashabiki wake walizoea kumwona mtu mmoja akiwashinda maadui mia na kutoka akiwa na jeraha la bega tu.

Ili kufahamu jinsi sheria hiyo ilivyopata nguvu, yafaa kukumbuka kwamba katika Afrika Mashariki filamu ya kigeni mara nyingi imemfikia mtazamaji kwa kupitia kwa mtu wa tatu. Katika miaka ya 1935 hadi 1937 palikuwa na mradi wa filamu za mafunzo uliokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara. Filamu zake zilisafirishwa kwa lori katika Tanganyika na nchi za jirani, na maelezo yalitolewa kwa lugha za wenyeji kwa msaada wa sahani za santuri. Baadaye, zilipoenea kanda za video, wakatokea wasimulizi waliokaa na kipaza sauti kando ya kioo. Katika Uganda huitwa mavijei. Nchini Tanzania aliyejulikana sana ni Derek Gaspar Mukandala, aitwaye Lufufu. Na nchini Kenya, DJ Afro. Watu hawa hawakuishia katika kufasiri maneno. Walieleza, walidokeza, walitania, na tena waliwagawia wahusika vyeo. Mara tu mtu fulani atokeapo, msimulizi aweza kutangaza kwamba huyo ndiye stelingi, na yule mwenye kovu ndiye adui. Tangazo hilo ni ahadi, kwa kuwa mtazamaji ameambiwa auweke wapi moyo wake, naye hungojea msimulizi atimize neno lake.

Sasa itazamwe tamthilia yenyewe. Chanzo chake ni mfululizo wa vitabu vya Mmarekani George R. R. Martin, na kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1996. Ni hadithi za nchi ya kubuni yenye majoka, wafu watembeao, na koo za kifalme zinazogombea kiti kimoja cha chuma. Katika kitabu hicho cha kwanza kila sura huonwa kwa macho ya mtu mmoja, na mtu aliyepewa sura nyingi kuliko wote ni Ned Stark, bwana wa nchi za kaskazini. Kituo cha HBO kilipoanza kuonyesha tamthilia hiyo mwezi Aprili 2011, Ned aliigizwa na Sean Bean. Jina la mwigizaji huyo lilitangulia mengine yote, na picha yake akiwa amekaa juu ya kiti cha chuma ndiyo iliyowekwa katika tangazo. Kwa asili kabisa ya neno, yaani kwa mujibu wa bango, huyo ndiye stelingi. Hata hivyo, katika sehemu ya tisa ya msimu wa kwanza, alikatwa kichwa mbele ya binti zake.

Kwa habari ya kifo hicho, msemaji wa Kiswahili ana kauli mbili. Ya kwanza ni kusema kwamba stelingi amekufa. Hiyo ni kauli ya mshangao na lawama, kwa kuwa sheria imevunjwa na mtunzi amedanganya. Kauli ya pili ni kusema: kumbe hakuwa stelingi. Hii ndiyo ya kuangaliwa sana na wanaisimu. Neno kumbe hutumika pale msemaji anapogundua jambo ambalo lilikuwa kweli tangu hapo, ila yeye hakulijua. Asemaye hivyo hakubali kwamba sheria imevunjwa. Anakiri kwamba yeye ndiye aliyemtambua mtu vibaya, naye huanza upya kumtafuta stelingi wa kweli miongoni mwa walio hai. Hapa ndipo ionekanapo kwamba kauli ya stelingi hafi si utabiri wa mambo yatakayotukia katika filamu. Ni sehemu ya maana ya neno, kama vile kusema kwamba mjane amefiwa. Hakuna tukio liwezalo kuikanusha, kwa sababu kila afaye huvuliwa jina kabla ya kuzikwa.

Katika mataifa mengine lawama zilitolewa kwa maneno mengine, lakini mambo yalikuwa ni yale yale. Mwaka 2013, katika msimu wa tatu, Robb Stark, mwana wa Ned, aliuawa karamuni pamoja na mama yake. Watu wengi waliokuwa wakimshabikia walilia na kupiga kelele, na baadhi ya wenzao waliokwisha kusoma vitabu waliwapiga picha za video kwa siri ili wauone mshangao wao. Hao walioshika kamera walikwisha kuyajua mauaji hayo katika kitabu cha tatu, kilichotoka mwaka 2000. Basi hadhira ilikuwa ya namna mbili. Aliyesoma hakungoja kujua litakalotokea, bali alingoja kuona litakavyoonyeshwa.

Hadhira ya namna hii ya pili si ngeni kwa watu wa Rombo. Wao hukaa upande wa mashariki wa Kilimanjaro, chini ya Mawenzi, kilele chenye urefu wa mita 5,149 kilichochongoka na kupasuka. Nyuma yake ni Kibo, chenye mita 5,895 na kichwa cha mviringo. Hadithi ya Kichaga husema kwamba Mawenzi alizimikiwa na moto akaenda kwa Kibo kuomba kaa, na aliporudi tena na tena Kibo alikasirika akampiga, ndipo akawa na umbo hilo. Mwisho wa hadithi waonekana mlimani kila asubuhi isiyo na mawingu, kwa hiyo hakuna awezaye kuuficha. Wasimulizi huweza kuhitilafiana juu ya kisingizio cha Mawenzi na juu ya kitu alichopigiwa, na wasikilizaji huwakubali wote, mradi hasira ya Kibo iwe na sababu. Msikilizaji wa hadithi kama hiyo haulizi nani atapona. Huuliza kama kipigo kimestahili.

Swali hilo la pili ndilo lililokuja kutawala katika miaka ya mwisho ya tamthilia. Kufikia msimu wa sita, mwaka 2016, kisa cha televisheni kilikuwa kimekwisha kuvipita vitabu, na mpaka tamthilia ilipomalizika kitabu cha sita kilikuwa hakijatoka. Tangu hapo hapakuwa tena na hadhira mbili, kwa kuwa wasomaji na wasiosoma wote walikuwa gizani pamoja. Misimu sita ya kwanza ilikuwa na sehemu kumi kila mmoja. Wa saba ulikuwa na saba, na wa nane sita tu. Mwezi Mei 2019, Daenerys Targaryen, mwanamke mwenye majoka ambaye kwa misimu mingi alionyeshwa akiwakomboa watumwa, aliuteketeza mji ambao kengele zake zilikwisha kupigwa kuwa ishara ya kusalimu amri. Katika sehemu ya mwisho aliuawa na Jon Snow, aliyempenda, na ufalme akapewa Bran Stark. Zaidi ya watu milioni moja walitia saini maombi ya kutaka msimu huo utengenezwe upya na waandishi wengine. Maombi hayo hayakutimizwa.

Ni makosa kudhani kwamba umati huo ulilalamika kwa sababu mtu waliyempenda alikufa. Watazamaji wale wale walikwisha kuvumilia kifo cha Ned na cha Robb, na wengi waliisifu tamthilia kwa ajili ya vifo hivyo. Ned alikufa kwa sababu ya unyofu wake, kwa kuwa alimwonya adui yake kabla ya kumshtaki. Robb alikufa kwa sababu alivunja ahadi ya ndoa. Vifo hivyo vilitisha, lakini mtu aliyerudi nyuma kuvikagua aliiona njia iliyovileta. Kugeuka kwa Daenerys nako kulikuwa na dalili zake, ila wengi walilalamika kwamba safari ya miaka ilifupishwa ikawa mwendo wa siku chache. Kwa lugha ya kibandani, mtazamaji wa namna hiyo hawezi kusema kumbe. Neno hilo lataka ushahidi wa nyuma, na pale ushahidi unapokuwa haba, linalobaki ni lawama. Bran naye alisalia hai mpaka mwisho, lakini wengi hawakumkubali. Hivyo ni dhahiri kwamba kutokufa ni sharti la ustelingi, wala si sharti la pekee. Lazima mtu awe amebebwa na kisa mbele ya macho ya watu.

Mambo haya yana faida kwa watu wa namna tatu. Mtunga kamusi asiridhike kuandika kwamba stelingi ni mhusika mkuu wa filamu. Maana iliyo kamili zaidi ni hii: mhusika wa filamu au tamthilia ambaye mtazamaji amemwekea tumaini la kushinda na kusalimika, na ambaye akifa kabla ya mwisho huhesabiwa kuwa hakuwa yeye. Kadhalika mfasiri au msimulizi atakayeichukua hadithi ya namna ya Game of Thrones na ajue kwamba, akimtangaza stelingi katika sehemu ya kwanza, ametoa ahadi ambayo mtunzi hakuitoa, na lawama itamrudia yeye.

Wa tatu ni mwalimu wa fasihi. Mwanafunzi wa Tarakea akiandika katika insha yake kwamba Liyongo ni stelingi, kalamu nyekundu yaweza kulifuta neno hilo kwa sababu ni la mitaani. Lakini kosa lake halitoki mitaani. Liyongo amekufa, na wasikilizaji wa utenzi walijua tangu mwanzo kwamba atakufa, wakaketi kusikiliza. Mwanafunzi akielezwa tofauti hiyo, atakuwa amejifunza kwa mara moja maana ya stelingi na maana ya shujaa, naye atajua kwa nini lugha yake inayahitaji maneno yote mawili.