Uwanja wa Mpira Hujengwa kwa Mchanga wa Nani?

Tangu Septemba 2023, pale Kenya, Uganda na Tanzania zilipokabidhiwa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, barazani kwetu baada ya sala ya Isha hapana gumzo lishindalo lile la viwanja. Huyu ataja Talanta ya Nairobi, uwanja wa watu 60,000 ulioanza kujengwa mwaka 2024. Yule ataja Hoima kwa Waganda, na mwingine Arusha. Wazee nao hurudi nyuma hadi Agosti 1987, Kasarani ilipopokea Michezo ya Afrika, wakasimulia kana kwamba wao ndio waliobeba mawe. Yote hayo ni mazuri, na mimi mwenyewe ni mshabiki. Lakini swali moja silisikii likiulizwa: zege ya viwanja hivi imekandwa kwa mchanga wa wapi?

Swali hili nalileta kwa sababu nimetoka Kilungu.

Msomaji wa pwani asiyepajua huko na aifikirie njia ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi. Ukishapita Makindu na Emali utafika Sultan Hamud, mji mdogo wa reli ulioitwa kwa jina la Seyyid Hamoud bin Mohammed aliyetawala Unguja tangu 1896 hadi 1902. (Kuliona jina hilo katikati ya nyika kulinifanya nijihisi sijatoka kwetu bado.) Mbele ya hapo, upande wa kulia, ndiko vilima vya Kilungu viliko. Siku hizi ni Kaunti ya Makueni. Hadi mwaka 1992 ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos. Soko lake kubwa ni Nunguni, na asubuhi yake ina baridi ya kumfanya Mswahili atafute koti la kuazima.

Jambo la kwanza linaloshika jicho ni ngazi. Mlima mzima umechongwa ngazi kwa ngazi toka kileleni hadi bondeni, na kila ngazi ni shamba la mtu. Wenyeji huziita kwa jina la Kiswahili safi, "fanya juu," kwa kuwa mkulima huchimba mtaro kisha udongo akautupa upande wa juu, ukawa tuta. Mvua inaponyesha, udongo unaoteremka hukamatwa na tuta hilo, na baada ya miaka kadhaa mteremko wenyewe hulala sawa. Kazi hii haikuletwa na matingatinga. Ilifanywa kwa majembe na vikundi vya mwethya, ule ujima wa Kikamba ambamo leo wote hulima kwako na kesho kwangu, na wanawake ndio waliobeba sehemu kubwa. Sijaona jengo lolote Nairobi lililonistaajabisha kama mlima ule.

Ngazi hizo zina undugu na mto ulio chini. Mito mingi ya Ukambani si kama Sabaki au Tana. Kaiti, ambao hukusanya maji ya vilima hivi, na wenzake hupitisha maji kwa kishindo wakati wa mvua, kisha huacha mchanga mweupe mtupu. Kwa jicho la mgeni, huo ni mto uliokufa. Mimi nilisimama katikati yake kwa viatu vikavu, nikatazama akina mama wakifukua kwa kata na bakuli. Hawakufika mbali. Kwa kina cha mkono tu mchanga ulibadilika rangi, kisha maji yakachuruzika, safi kama ya kisima cha msikiti.

Sisi twaujua mchanga katika tayamamu, unaposimama badala ya maji yaliyokosekana. Wenzetu hawa wanaujua mchanga unaoyaficha maji ndani yake. Kati ya chembe na chembe mna nafasi, na jumla ya nafasi hizo yaweza kufika robo hata theluthi ya ujazo wote. Humo maji hukaa miezi, jua haliyanyonyi wala mbu hapati pa kutagia. Kwa hiyo watu wa Ukambani hujenga ukuta wa mawe na saruji kukingama mto penye mwamba, mafuriko yakaleta mchanga na kuujaza upande wa juu wa ukuta, na mchanga huo ukawa ghala la maji. Hayo ndiyo yaitwayo mabwawa ya mchanga. Na pale juu kilimani pasipokuwa na ngazi, mafuriko huleta tope badala ya mchanga, ghala likazibika. Ndiyo maana nikasema ngazi na mto ni ndugu.

Sasa turudi kwenye viwanja. Fundi yeyote wa Kisauni au Majengo atakupa kipimo cha zege: saruji ndoo moja, mchanga mbili, kokoto nne. Kwa kipimo hicho kila mita moja ya ujazo ya zege hula karibu nusu mita ya mchanga, na uwanja wa watu 60,000 hutaka zege maelfu kwa maelfu ya mita. Na si kila mchanga unafaa. Wa bahari una chumvi, nayo huila nondo mpaka dari ikapasuka na kumwaga vipande, jambo ambalo wakaaji wa Mombasa hawahitaji kuelezwa. Wa jangwa, ambao Ghuba yote wanao tele, chembe zake zimeviringwa na upepo hata hazishikani vema na saruji. Unaotakiwa ni wa mto. Ndiyo sababu kwa miaka mingi Nairobi imejengwa kwa mchanga wa mito ya Machakos, Makueni na Kajiado.

Simnyoshei kidole mkandarasi wa uwanja wowote. Ninalosema ni kwamba jiji linapojenga kwa pupa, bei ya mchanga hupanda, na malori huingia mitoni usiku. Mto ukikombwa mpaka mwamba, mvua ijayo hupita mbio bila kuacha kitu, visima vya kando hukauka, kingo hubomoka, na mama aliyekuwa akichota karibu na nyumba yake hutembea nusu siku. Damu imemwagika pia kwa ajili ya mchanga huu: mwaka 2011 huko huko Makueni askari mmoja aliyesimama kuupinga uchimbaji huo aliuawa. Mwaka 2015 kaunti ikapitisha sheria yake ya kuhifadhi mchanga, na ikaundwa mamlaka ya kuusimamia. Nawasifu kwa hilo kuliko wengi walio na mito na hawana sheria.

Huenda msomaji akauliza, je, tusijenge? Tujenge, lakini kwanza tuhesabu tulivyo navyo. Mashindano ya CHAN yalipochezwa kwetu Agosti 2025, fainali ya tarehe 30, Moroko ilipoishinda Madagaska mabao 3 kwa 2, ilichezwa Kasarani, uwanja ule ule wa 1987. Kabla yake ulikuwa umepokea mashindano ya riadha ya vijana wa dunia mwaka 2017 na tena 2021. Nguzo zilizosimamishwa mara moja zimehudumia karibu miaka arobaini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, na katika jambo hili maneno yao yachukuliwe kama yalivyo: ufa ni ufa, na ukuta ni lori za mchanga. Kenya ilinyang'anywa Kombe la Afrika la 1996, kisha CHAN ya 2018, kwa kutokuwa tayari. Asiyetengeneza mapema ndiye baadaye hujenga usiku na mchana bila kuuliza mchanga umetoka wapi.

Tena viwanja vitatu vilivyotajwa upande wa Kenya kwa Kombe hili, yaani Kasarani, Nyayo na Talanta, vyote viko Nairobi. Mombasa, ambako mpira ulichezwa kabla Nairobi haijawa mji wa kutajika, haimo. Hilo ni chungu kwetu, lakini si uchungu wa wivu tu. Mji mmoja kuwa na viwanja vikubwa vitatu ni kuulemea mji huo na mito inayoulisha.

Huko nje mambo yamejaribiwa. Jamaa zetu walioko Ghuba waliona Qatar mwaka 2022: uwanja wa Al Thumama umbo lake ni la gahfiya, kofia ile ivaliwayo chini ya kilemba, na uwanja wa 974, karibu na bandari ya Doha, umejengwa kwa makontena na vyuma vinavyofunguka ili baadaye ubomolewe na kuhamishwa. Wazo ni zuri mno. Lakini miaka ilipita na mechi bado zilichezwa mumo humo, na mimi nasema afadhali uwanja unaotumika pale pale kuliko ahadi ya kuuhamisha. Kinyume chake ni Manaus, katikati ya msitu wa Brazili, ambako uwanja wa zaidi ya watu 40,000 ulijengwa ukapata mechi nne tu za Kombe la Dunia la 2014. Gofu la Gedi angalau liliwahi kuwa mji.

Na sisi wa pwani tusijione watakatifu kwa sababu ya nyumba zetu za mawe. Lamu ni fahari, kuta zake nene hutuliza joto bila mashine, lakini boriti zilikatwa mikokoni na mawe yalichimbwa matumbaweni. Kila jengo lina mahali lilipopatolewa. Tofauti ni kwamba mjenzi wa Lamu alipajua mahali hapo, na mara nyingi aliishi papo hapo.

Kwa wenye mamlaka nina mambo mawili ya kuyasema wazi. La kwanza ni maji ya paa. Paa la hekta moja, mahali panaponyesha milimita 900 kwa mwaka, laweza kukusanya hadi lita milioni 9. Wareno ndani ya Ngome ya Mombasa walichimba birika la maji ya mvua miaka mia nne iliyopita. Sioni kwa nini uwanja wa leo unyweshee nyasi zake maji ya bomba huku mitaa ya jirani ikinunua kwa mitungi. La pili ni mkataba. Anayepewa kazi ya kujenga au kukarabati aandikishwe mchanga wake watoka mto gani, kwa kibali cha nani, na kiasi gani ni mchanga wa kusaga mawe, ambao machimbo ya kokoto yanaweza kuutoa bila kuugusa mto. Karatasi hiyo ibandikwe langoni mwa uwanja, panapouzwa tikiti, mtu wa Kilungu aliyekuja kutazama mpira aisome.