Cheiro, Bingwa wa Viganja Aliyewasoma Wakubwa

Msomaji wangu, hebu geuza kiganja chako utazame. Umeiona ile mistari? Wa juu huitwa wa moyo, wa kati wa akili, na ule unaozunguka dole gumba ni wa uhai. Basi kuna jamaa aliyeula kwa mistari hiyo hiyo, akatamba London hadi New York. Jina lake la kazi ni Cheiro.

Alizaliwa Ireland mwaka 1866, akaitwa William John Warner. Alipochangamka mjini akajiita Count Louis Hamon, kama mtu wa ukoo wa kifahari. Cheiro amelitoa kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya mkono. Alisimulia kuwa akiwa kijana alikwenda India, akafundishwa na Wabrahmani.

Hakuwa wa kwanza. Huko Ufaransa, Desbarrolles alishatoa kitabu cha viganja mwaka 1859. Ila Cheiro ndiye aliyeitoa kazi hii uchochoroni akaiingiza sebuleni kwa wazito. Kitabu chake cha lugha ya mkono kilitoka mwaka 1894. Mwandishi Mark Twain alikwenda kwake, akakiri kwa maandishi kuwa tabia yake imeanikwa mpaka aibu!

Kali zaidi ni ya Oscar Wilde. Eti katika tafrija moja wageni walipitisha mikono kwenye pazia, Cheiro asione sura. Ukaja mkono mmoja, akasema mwenyewe atajiharibia na kuishia uhamishoni. Mwaka 1895 Wilde akafungwa, mwaka 1900 akafia Paris. Lakini tulia kwanza. Anayetusimulia kisa hicho ni Cheiro mwenyewe, na kakisimulia mambo yakiwa yameshatokea. Hapo hata mimi ningekuwa bingwa!

Kwetu Bongo jina kubwa lilikuwa Sheikh Yahya Hussein, mnajimu wa nyota aliyefariki Mei 2011. Huku Newala nasi tuna wa kwetu wadogo wadogo. Nilipomaliza kidato cha nne nilimpelekea mmoja kiganja na elfu tano. Akakunja uso: "Mdogo wangu, mstari wako wa kazi umekatika." Wakati huo nilikuwa na fomu ya chuo mfukoni. Nikaona ya nini kujisumbua, siku ya mwisho ikapita fomu ikiwa imekunjwa vile vile. Mstari haukunikatia kitu, nilijikatia mwenyewe.

Siku hizi inajulikana kwamba mistari ile ni mikunjo ya ngozi tu, na hujitengeneza tumboni mwa mama katika miezi ya mwanzo. Kabla hujazaliwa ilishakuwepo. Itajuaje habari za fomu?

Bibi yangu kabangua korosho miaka nenda rudi. Mafuta ya ganda yamemuunguza viganja, mistari mingine hata haionekani. Kwa mikono hiyo kasomesha watoto wanne. Nilipomweleza habari ya mstari wangu alicheka, akanikabidhi jembe. "Shika hapa, mjukuu wangu, uchore wa kwako."

Cheiro alifariki Hollywood mwaka 1936. Mimi fomu nyingine nimeshaijaza, na safari hii nimeipeleka mwenyewe. Tukutane wiki ijayo!