Bunduki mpya inapokataa kufungana, nyundo si dawa

NCHINI Marekani, raia wengi hujiundia nyumbani bunduki aina ya AR-15 kwa vipande walivyonunua kutoka viwanda tofauti. Aghalabu hukumbana na kero moja siku ya kwanza: nusu mbili za silaha hiyo hukataa kuingiana, au zikishaingiana, pini haitoki ila kwa kugongwa.

Kiwiliwili cha AR-15, kiitwacho risiva, kina sehemu mbili za alumini. Risiva ya juu hubeba mtutu na kufuli linaloziba chemba ya risasi. Ya chini hubeba kifyatulio, magazini na kitako. Pini mbili za chuma zenye unene wa robo inchi, yaani milimita 6.35, huziunganisha mbele na nyuma. Pini ya nyuma ikisukumwa kutoka kushoto kwenda kulia, bunduki hufunguka kama mlango kwenye bawaba, na kufuli huchomolewa likasafishwe.

Muundo huo ulibuniwa na Eugene Stoner wa kampuni ya ArmaLite katika miaka ya 1950, na haki zake zikauziwa Colt mwaka wa 1959. Hataza ya mfumo wake wa gesi ilipokwisha mwaka wa 1977, viwanda vingi vikajitosa katika biashara hiyo. Vyote hufuata vipimo vilevile kwa jumla, lakini kila kipimo huruhusiwa kuzidi au kupungua kidogo. Risiva ya juu iliyozidi kidogo ikikutana na ya chini iliyopungua kidogo, zitakabana ilhali hakuna kiwanda kilichokosea.

Rangi nyeusi ya alumini hiyo nayo huchangia. Si rangi ya kupakwa, bali ni utando mgumu unaooteshwa juu ya chuma kwa umeme na asidi. Nusu ya unene wake huzama ndani na nusu huinuka nje, hivyo kila tundu hubaki jembamba kuliko lilivyotobolewa. Tofauti ni sehemu ndogo mno ya milimita, lakini mkono huihisi.

Kosa kubwa ni kukimbilia tupa au kuchimba upya matundu ya pini. Tundu likishakuwa na umbo la yai halirudi, na utando ule ukikwanguliwa, alumini laini iliyo chini huanza kulika. Isitoshe, chini ya sheria ya serikali kuu ya Marekani, risiva ya chini ndiyo bunduki yenyewe. Ndiyo yenye nambari ya usajili, na mnunuzi huipata dukani kwa mwenye leseni baada ya kuchunguzwa rekodi yake. Risiva ya juu, katika majimbo mengi, huagizwa kwa posta kama kipuri kingine chochote. Anayeharibu ya chini hivyo basi ameharibu kile asichoweza kukibadilisha kwa urahisi.

Kabla ya lolote, sharti magazini itolewe, na chemba ikaguliwe kwa jicho na kwa kidole. Kisha nusu zitenganishwe, zifutwe, na itafutwe sehemu hasa inayokaba. Huenda ni pini zenyewe, au masikio ya risiva ya juu yanayozama ndani ya ile ya chini, au ukingo wa nyuma unaogusa mrija wa springi ya kitako. Wino wa kalamu ukipakwa kwenye masikio na nusu zikafungwa na kufunguliwa, utafutika palipo na msuguano. Mara nyingine kinachopatikana ni kipande cha mpira ambacho mwenyewe alikitia ili kuondoa mchezo, akakisahau.

Dawa ya kawaida ni grisi kidogo kwenye pini na subira. Bunduki ifungwe na kufunguliwa mara nyingi, hata mara hamsini, nyuso zizoeane. Pini ngumu isukumwe kwa kijiti cha plastiki ngumu au shaba, huku risiva ya juu ikikandamizwa kwa mkono ili matundu yalingane. Iwapo msasa laini hauepukiki, uguse masikio ya risiva ya juu tu.

Wapo wanaopenda mkazo huo wakidhani huongeza shabaha. Faida hiyo ni ndogo, maadamu mtutu, kufuli na kwa kawaida vilengeo vyote vimo katika risiva ya juu. Bunduki za jeshi hucheza kidogo na bado hulenga vyema.

Ikiwa mkazo hautaisha, hujaribiwa risiva nyingine ya juu. Hiyo ikiingia bila taabu, ile ya kwanza hurudishwa kiwandani. Ikikaba vilevile, kasoro yaelekea kuwa katika ya chini, na hiyo ndiyo hupelekwa kwa fundi wa bunduki au kwa aliyeitengeneza.