Upatanisho wa Kiima na Kitenzi katika Kiingereza: Mtazamo wa Mwanafunzi Anayejua Kiswahili

1. Utangulizi

Miongoni mwa makosa ambayo walimu wa Kiingereza nchini Kenya huyasahihisha mwaka nenda mwaka rudi ni yale ya upatanisho wa kiima na kitenzi. Mwanafunzi huandika "He go" mahali pa "He goes", au "The boys plays" mahali pa "The boys play". Na hata akifika chuo kikuu huenda akaandika "The list of names are" mahali pa "The list of names is". Sababu zinazotajwa aghalabu ni mbili: ama mwanafunzi ni mzembe, ama lugha yake ya kwanza imemtia kasoro. Sababu ya pili inatuhusu sana sisi tunaofundisha lugha za Kiafrika, kwa kuwa ndani yake mna dhana kwamba lugha hizo hazimwandai mtoto kuipokea sarufi ya Kiingereza.

Dhana hiyo haisimami ikipimwa kwa mizani ya isimu. Mtoto anayesema Kiswahili, au lugha nyingine yoyote ya Kibantu, amekwisha kumiliki mfumo wa upatanisho ulio mpana kuliko wa Kiingereza. Swali basi si kwa nini hajui upatanisho, bali ni kwa nini yule anayeujua mwingi hutatizwa na mchache. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba Kiswahili na Kiingereza zimeugawa upatanisho wao kwa namna ya kupishana: pale Kiingereza kinapoushikilia ndipo Kiswahili kinapouacha, na pale Kiswahili kinapoudai Kiingereza hakina habari nao. Mwalimu akiufahamu mpishano huo, anaweza kuanza somo lake na yale ambayo mwanafunzi anayajua tayari.

2. Mfumo wa Kiswahili kwa muhtasari

Wasomaji wa jarida hili hawahitaji kuelezwa kwa urefu jinsi nomino ya Kiswahili inavyotawala maneno yanayoiandama. Inatosha kukumbusha mambo matatu.

Kwanza, alama ya upatanisho hukaa mwanzoni mwa kitenzi, nayo hubadilika kwa nafsi, kwa idadi na kwa ngeli: nilicheza, ulicheza, alicheza, tulicheza, mlicheza, walicheza, kitabu kilipotea, vitabu vilipotea, mti ulianguka, miti ilianguka. Pili, alama hiyo haitegemei njeo moja. Iko katika wakati uliopita, uliopo na ujao, na katika hali timilifu vilevile. Tatu, mara nyingi mlio wa kiambishi cha nomino hurudiwa katika kitenzi, kama vile ki- na ki-, vi- na vi-. Mwanafunzi hujifunza kwa sikio kwamba vinavyopatana hufanana.

3. Mfumo wa Kiingereza na asili yake

Kiingereza cha leo kina alama moja tu ya upatanisho katika vitenzi vya kawaida, nayo ni tamati -s, ambayo pengine huandikwa -es. Alama hiyo hujitokeza mahali pamoja tu: nafsi ya tatu, umoja, katika njeo ya sasa sahili. Katika wakati uliopita haipo: "I played", "she played" na "they played" zina kitenzi kilekile. Vitenzi visaidizi kama "can", "must" na "will" haviipokei kamwe. Ni kitenzi "be" peke yake kilichohifadhi maumbo mengi, yaani "am", "is" na "are" kwa wakati uliopo, na "was" na "were" kwa wakati uliopita.

Kanuni inayotolewa madarasani, kwamba kitenzi cha umoja huongezwa -s, haitoshi. "I play" ni umoja, na "you play" huwa ni umoja anapoambiwa mtu mmoja, lakini vitenzi hivyo havina -s. Kanuni kamili hapana budi itaje mambo matatu pamoja: nafsi, idadi na njeo. Mwanafunzi aliyepewa moja tu kati ya hayo matatu amepewa kanuni itakayomwangusha.

Historia inatusaidia kuelewa kwa nini mambo yako hivyo. Kiingereza cha Kale kilikuwa na tamati mbalimbali za vitenzi kulingana na nafsi na idadi. Katika karne zilizofuata nyingi zilififia katika matamshi, zikatoweka. Tamati -est iliyoandamana na "thou" iliondoka pamoja na kiwakilishi hicho katika Kiingereza sanifu, "you" iliposhika nafasi yake. Kwa nafsi ya tatu umoja, lahaja za kusini ya Uingereza zilitumia -eth, na za kaskazini zilitumia -s. Tafsiri ya Biblia ya 1611 ilishikilia -eth, hali katika tamthilia za Shakespeare, aliyefariki 1616, maumbo yote mawili yanapatikana. Hatimaye -s ya kaskazini ilishinda.

Kwa hiyo -s ni sazo la mfumo mkubwa uliobomoka. Haina mantiki ya ndani ambayo mwanafunzi angeweza kuigundua kwa kufikiri. Tena ni ya ajabu kidogo ikilinganishwa na lugha nyingine za dunia, kwa kuwa nafsi ya tatu umoja katika lugha nyingi ndiyo isiyotiwa alama, hali katika Kiingereza hiyo ndiyo pekee iliyotiwa.

4. Mahali lugha hizi zinapopishana

4.1 Hali ya mazoea. Tazama mifano ifuatayo:

(1) Mtoto hucheza. The child plays.
(2) Watoto hucheza. The children play.

Njeo ya sasa sahili ya Kiingereza hutumika hasa kueleza jambo la kawaida au la mazoea, na Kiswahili hulieleza jambo hilo kwa hu-. Lakini hu- ndiyo inayofukuza kiambishi cha kiima: mimi hucheza, wewe hucheza, wao hucheza. Basi mahali pamoja ambapo kitenzi cha kawaida cha Kiingereza hudai upatanisho ni mahali ambapo Kiswahili kinaweza kuuacha kabisa. Upatanisho wa Kiswahili hurudi katika ukanushi, mtoto hachezi, watoto hawachezi. Na katika Kiingereza alama hukihama kitenzi kikuu, ikadakwa na kitenzi kisaidizi: "The child does not play". Mwanafunzi anayeandika "does not plays" ameiweka alama mara mbili, jambo ambalo si geni kwa msemaji wa lugha inayorudia upatanisho katika maneno mengi ya sentensi moja.

4.2 Kitenzi kishirikishi. Kiswahili husema mimi ni mwalimu, wewe ni mwalimu, sisi ni walimu, wala ni haibadiliki. Maumbo kama u mgonjwa na tu wageni yapo, ila matumizi yake katika usemi wa kila siku ni haba. Kiingereza nacho, kilichoacha karibu kila kitu, kimelimbikiza upatanisho wake katika kitenzi kicho hicho: "I am", "you are", "she is". Huu ni mpishano wa pili.

4.3 Ufanano wa mlio. Katika Kiingereza -s ya nomino huonyesha wingi, na -s ya kitenzi huonyesha umoja. Katika sentensi nyingi basi -s moja huifukuza nyenziwe: "The boy plays", "The boys play". Mwanafunzi aliyezoea vitabu vilipotea, ambapo alama hufanana, ana sababu ya kutarajia "The boys plays". Hilo si kosa la mtu asiyejua upatanisho. Ni kosa la mtu anayeujua, akautumia mahali usipotakiwa.

4.4 Sentensi za kuwapo. Kiswahili husema ukutani pana picha, nyumbani kuna wageni, chunguni mna maji. Kitenzi hupatana na mahali, na vitu vilivyopo, viwe vingi au kimoja, havikibadilishi. Katika Kiingereza "there" hushika nafasi ya kiima, lakini kitenzi hupatana na kile kinachotajwa baadaye: "There is a picture", "There are pictures". Anayesema "There is many visitors" anafuata desturi ya kuna, ijapokuwa tukumbuke kwamba wasemaji wazawa wa Kiingereza nao husema "There's" kwa wingi katika mazungumzo.

5. Mahali lugha hizi zinapokutana

Mpishano huo usitufiche yale ambayo lugha mbili hizi zinayashiriki. Muhimu kuliko yote ni hili: katika kirai chenye nomino zaidi ya moja, neno kuu ndilo litawalalo kitenzi.

(3) Kikapu cha mayai kimeanguka. The basket of eggs has fallen.
(4) Orodha ya majina imepotea. The list of names is lost.

Mwanafunzi hawezi kusema kikapu cha mayai yameanguka. Sikio lake lingekataa papo hapo. Katika Kiingereza sikio hilo halina la kushika, kwa sababu "basket" na "eggs" hazina viambishi vya ngeli vya kumwongoza. Dawa ni rahisi: mwanafunzi aitafsiri sentensi yake kwa Kiswahili, asikilize ni nomino ipi inayotawala, kisha arejee kwenye Kiingereza.

Jambo la pili ni upatanisho unaofuata maana badala ya umbo. Kijana, kipofu na kiboko ni maneno yenye ki-, lakini twasema kijana amefika, kiboko amelala, kwa kuwa ni viumbe vyenye uhai. Kiingereza nacho huruhusu maana ishinde umbo katika majina ya makundi. Waingereza hukubali "The committee has decided" na pia "The committee have decided", kulingana na kwamba kamati inafikiriwa kama chombo kimoja au kama watu kadhaa. Wamarekani huelekea zaidi kwenye umoja. Kwa upande mwingine, "news" ni umoja japo ina -s, na "police" ni wingi japo haina. Mwanafunzi anayejua kwamba kijana hachukui ki- katika kitenzi amekwisha kulielewa wazo lenyewe.

6. Lugha ya kwanza si mshitakiwa pekee

Nadharia ya ulinganishi iliyoenezwa na Robert Lado katika kitabu chake cha 1957 ilitia mkazo mkubwa katika athari za lugha ya kwanza. Muongo mmoja baadaye, mwaka 1967, S. Pit Corder alidai kwamba makosa ya mwanafunzi ni ushahidi wa mfumo anaoujenga mwenyewe. Utafiti wa Roger Brown uliochapishwa mwaka 1973 unatupa sababu ya kusikiliza pande zote mbili. Brown aliwachunguza watoto watatu wa Kimarekani waliokuwa wakijifunza Kiingereza kama lugha ya mama. Kati ya mofimu 14 alizozifuatilia, -s ya wingi wa nomino ilikuwa ya nne katika mpangilio wa kumilikiwa, -s ya umiliki ya sita, na -s ya kitenzi ya kumi. Mlio ni ule ule, lakini wa kitenzi ulichelewa hata kwa watoto ambao hawakuwa na lugha nyingine ya kuwatatiza. Kwa hiyo ulinganishi wetu hautoi sababu ya makosa yote. Unatoa njia ya kuyafikia.

7. Hitimisho

Yafuatayo yanaweza kupendekezwa kwa ufundishaji. Upatanisho wa "be" utangulie, kwa kulinganishwa na ni. Njeo ya sasa sahili ifundishwe bega kwa bega na hu-, mwanafunzi aonyeshwe wazi kwamba Kiingereza hutia alama palipo kimya katika Kiswahili. Virai virefu vipimwe kwa tafsiri, na majina ya makundi yaachwe hadi mwisho.

Haya hayawezekani iwapo mwalimu wa Kiingereza haijui sarufi ya Kiswahili kama sarufi. Tangu 1985, Kiswahili kilipofanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za Kenya, mwanafunzi hufundishwa kiima, nafsi na ngeli katika somo moja, kisha katika somo linalofuata huambiwa mambo yayo hayo kwa istilahi nyingine kana kwamba hayajui. Katiba ya 2010 imezitambua lugha zote mbili kuwa rasmi. Idara zetu zinazoandaa walimu zingefanya jambo la maana kuziweka sarufi hizo katika kozi moja ya ulinganishi, kwa pamoja na wenzetu wa idara za Kiingereza. Mtoto anayesema kikapu cha mayai kimeanguka asihesabiwe tena kuwa hajui upatanisho ni nini.