Saa Yangu Yadai Sikulala

Mama mzazi hunipigia simu kila alfajiri kutoka kijijini na kuniuliza swali lile lile: "Umeamkaje, mwanangu?" Juma lililopita, kabla ya kumjibu, nilijikuta nimeinua mkono kuitazama saa. Nilikuwa nimelala fofofo. Saa nayo ilinipa alama 54 kati ya 100. Nikamwambia mama kuwa sikulala vyema, na siku nzima nikafundisha kwa uchovu ambao sina hakika ulitoka mwilini.

Saa hiyo, zawadi ya kifungua mimba wangu, ni ya zile ziitwazo saa janja. (Neno ujanja, msomaji, lina maana mbili, na zote mbili zinafaa hapa.) Huvaliwa usiku na mchana. Chini yake mna taa ya kijani inayomulika ngozi. Damu hufyonza mwanga huo kwa viwango vinavyobadilika kila moyo upigapo, na hapo ndipo mapigo huhesabiwa. Ama usingizi wenyewe, haiuoni katu. Huukisia tu kutokana na mapigo hayo na jinsi mkono unavyotulia. Atakaye kuupima barabara hana budi kubandikwa nyaya kichwani, maabarani. Hata hatua huhesabiwa kwa mtikisiko wa mkono, hivyo mwalimu anayefuta ubao kwa bidii huenda akajipatia hatua kadhaa za bure.

Na zile hatua 10,000 tunazohimizwa kutembea kila siku? Asili yake ni jina. Mwaka 1965 kampuni moja ya Japani iliuza kifaa kilichoitwa manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Jina lilitangulia, sayansi ikafuata. Utafiti wa I-Min Lee wa Harvard na wenzake, uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu wanawake wazee wa Marekani, ulionyesha kuwa faida ya kuepuka kifo cha mapema haikuongezeka tena baada ya hatua zipatazo 7,500.

Mwaka 2017 watafiti wa Chicago walibuni neno orthosomnia, Kigiriki mbele, Kilatini nyuma, kuwaeleza watu wanaohangaikia mno takwimu za usingizi wao. Mgonjwa wao mmoja alipimwa maabarani akaonekana kalala vizuri. Akauliza mbona basi kifaa chake chasema vingine. Nilipolisoma hilo nilicheka, kisha nikaona haya.

Sikuitupa saa. Imenifanya nirudi nyumbani kwa miguu, na hilo si haba. Lakini usiku sasa hulala katika droo.

Jana mama alipopiga simu, mkono ulikuwa mtupu. "Nimeamka salama, mama," nikasema. "Nawe umeamkaje?"

Akaniambia magoti yalimkesha hadi usiku wa manane, na kwamba ni majuma mawili sasa. Sikuwa nimemwuliza.