Mtoto anaimba ‘ba be bi bo bu’, lakini je, anasoma?

Jioni baada ya chakula, mtoto wa darasa la kwanza anafungua daftari na kusoma kwa sauti: ba, be, bi, bo, bu. Hakosei hata moja. Mama yake anatabasamu, na baba anajisemea moyoni kuwa kijana sasa ameiva.

Kisha dada yake anaufunika mstari kwa kiganja, anaacha silabi moja tu, ‘bo’, na kumuuliza, “Hii ni ipi?” Mtoto ananyamaza. Anautoa mkono wa dada yake, anarudi mwanzo wa mstari na kuanza upya: ba, be, bi, mpaka afike hapo.

Wazazi wengi wenye watoto wa darasa la kwanza na la pili wanaijua hali hiyo. Mtoto hajasoma, ameimba. Ameukariri mpangilio kama anavyokariri wimbo wa mchezo. Si mzembe wala si mzito wa akili, ila wimbo huo unaweza kumficha muda mrefu bila mwalimu wala mzazi kugundua.

Siku ya kugundulika huja. Darasa la tatu masomo yanaongezeka, na darasa la nne kuna upimaji wa kitaifa ambapo mtoto anasoma swali mwenyewe. Asiyejua kusoma hukosa hata hisabati anayoiweza, kwa sababu swali lenyewe halikumwingia.

Ndiyo maana mwaka 2015 Tanzania ilianza kutumia mtaala wa darasa la kwanza na la pili unaoweka mkazo kwenye stadi tatu: Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, maarufu kama KKK. Mwaka uliofuata ilianza elimu bila ada, na watoto wakafurika darasa la kwanza. Kiwango kinachotakiwa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini madarasa mengi yana zaidi ya hao. Mwalimu wa namna hiyo hawezi kumsikiliza kila mtoto akisoma kila siku. Mzazi anaweza, tena kwa kutumia mbinu zilezile ambazo walimu wa madarasa ya mwanzo huzitumia.

Makofi kabla ya penseli

Kabla ya kuitambua silabi kwa macho, mtoto anatakiwa kuisikia. Walimu hutumia makofi. Neno ‘kalamu’ lina makofi matatu: ka-la-mu. ‘Mahindi’ matatu: ma-hi-ndi. ‘Mtoto’ nalo ni matatu, m-to-to, kwa sababu hiyo ‘m’ ya mwanzo inasimama peke yake.

Mchezo huu hauhitaji daftari wala taa. Unachezwa njiani kwenda sokoni au wakati wa kukuna nazi. Mzazi anataja neno, mtoto anapiga makofi, kisha wanabadilishana. Hatua ya pili ni kuuliza silabi ya kwanza: “Neno ‘sufuria’ linaanza na nini?” Akishaweza, aulizwe ya mwisho.

Hata bibi au mlezi asiyejua kusoma anaweza kumfundisha mtoto kwa njia hii. Vitendawili na hadithi za jioni nazo zina kazi yake, kwani mtoto mwenye maneno mengi kichwani hulitambua neno upesi anapokutana nalo kwenye kitabu.

Kadi za boksi la sabuni

Dawa ya kukariri ni kuvuruga mpangilio. Kata boksi la sabuni vipande vidogo, andika silabi moja kwenye kila kipande, kisha vichanganye. Mtoto achukue kimoja na kukisoma bila wimbo.

Akishazoea, aunganishe. Kwa kadi nne tu za ba, ka, ta na sa yanapatikana maneno bata, kata, taka, saba na kasa. Ongeza ba na ka nyingine, unapata baba na kaka. Mtoto anayegundua mwenyewe kuwa ‘kata’ ikigeuzwa inakuwa ‘taka’ ameshaelewa kusoma ni nini.

Hapa Kiswahili kinamsaidia. Irabu ni tano tu, na kila moja ina sauti ileile popote ilipo. Akishazijua silabi, anaweza kusoma hata neno ambalo hajawahi kuliona. Kwa hiyo kipimo kizuri ni neno lisilo na maana, mfano ‘tasaka’. Akilisoma, anasoma kweli. Akibadilisha na kusema neno analolijua, bado anabahatisha.

Picha nazo hudanganya. Kitabu kikiwa na picha ya kuku, mtoto atasema ‘kuku’ bila kuangalia herufi. Ifunike picha kwanza, asome, ndipo aione.

Zinazowasumbua wengi ni silabi zenye herufi nyingi, kama ‘mwa’, ‘nywe’ na ‘ng’o’. Zisipangwe zote siku moja. Wiki moja mtoto atafute maneno ya ‘ng’, kama ngoma na nguo. Wiki nyingine yawe ya ‘ng’’ yenye kibainishi, kama ng’ombe na ng’oa, kisha ayatamke yote kwa kupokezana ili asikie tofauti.

Kwa kuandika, mchanga wa uani unatosha. Mtoto aandike herufi kubwa kwa kidole, afute, arudie. Akigeuza ‘b’ ikawa ‘d’, asichapwe wala asichekwe. Watoto wengi wa umri huo hufanya hivyo. Mwonyeshe tena, aiandike upya.

Ishirini inaficha nini?

Katika kuhesabu nako kuna wimbo. Mtoto anafika hamsini bila kusita, lakini ukimwagia vizibo vya soda 14 mezani anavihesabu mara mbili na kupata majibu mawili. Afundishwe kusogeza kizibo kimoja kwa kila namba anayoitaja. Mchezo wa mdako unamzoesha hilo bila yeye kujua, kwa sababu kila kijiwe anachokitoa shimoni kina hesabu yake.

Ugumu mwingine umo ndani ya maneno yenyewe. ‘Kumi na tatu’ inajieleza: kuna kumi, kuna tatu. Lakini ‘ishirini’ haisemi popote kuwa ni makumi mawili, wala ‘thelathini’ kuwa ni matatu. Ndiyo maana mtoto akiambiwa aandike ishirini na tano anaweza kuandika 205: ameandika ishirini, kisha akaongeza tano.

Dawa yake ni vijiti. Mtoto ahesabu vijiti 25 na kufunga kila kumi kwa uzi. Atabaki na mafungu mawili na vijiti vitano, na hapo 2 na 5 zinapata maana. Afanye hivyo kwa 34, kisha 40, aone kuwa sifuri inasema hakuna kijiti kilichobaki nje ya fungu.

Kazi za nyumbani zinamalizia. Nyanya tano kwa kila fungu, mafungu matatu ni nyanya ngapi? Maandazi 12, watu wanne, kila mmoja apate mangapi? Akigawa mwenyewe na mmoja akapungukiwa, atarudia hesabu bila kuambiwa.

Swali la kumuuliza mwalimu

Mtoto aliyebaki nyuma haokolewi kwa kusomeshwa ukurasa uleule na wenzake. Shirika la Pratham la India lilikuza njia ya kuwapanga watoto kwa kile wanachokiweza badala ya umri au darasa, kila kundi likaanzia pale lilipo. Njia hiyo imetumika pia katika nchi za Afrika, Zambia ikiwemo. Nyumbani maana yake ni rahisi: kama mtoto wa darasa la pili amekwama kwenye silabi, aanzie kwenye silabi, bila kuona aibu.

Mzazi anapofika shuleni, swali lililozoeleka ni “Amekuwa wa ngapi?” Swali lenye faida zaidi ni “Anaweza kusoma nini bila kusaidiwa?” Jibu lake linampa mwalimu na mzazi mahali pa kuanzia.

Dakika 15 kila jioni zinatosha, na mchezo ukome kabla mtoto hajachoka ili kesho autake tena.

Usiku wa leo unaweza kuanza na jambo dogo. Fungua daftari la mtoto, funika mstari, acha silabi moja wazi. Akiitaja, mpongeze. Akinyamaza, usimkaripie. Tafuta boksi la sabuni na mkasi, mkae chini pamoja.