Kengele inalia, geti halifunguki

Fundi wa intakomu akiitwa husema geti ndilo bovu. Fundi wa geti naye akija husema intakomu ndiyo bovu, na ushahidi anao: anabonyeza rimoti, geti linafunguka bila kusita. Mwenye nyumba, ambaye amekwisha kuwalipa wote wawili nauli na pesa ya kuja kuangalia, anabaki na kioo ukutani kinachomwonyesha sura ya mgeni vizuri kabisa ila hakiwezi kumfungulia. Mara nyingi mafundi hao wote wanasema kweli. Intakomu ni nzima na geti ni zima. Kilichokosewa ni nyaya mbili zinazopita kati yao.

Nyaya hizo zisichukuliwe kuwa usumbufu mdogo wa nyumbani. Geti la kuteleza laweza kuwa na uzito wa kilo mia kadhaa. Linasukumwa na mota inayolishwa umeme wa volti 230, ndani ya boksi linalonyeshewa mvua, mahali ambapo watoto hucheza. Namna fundi anavyoitatua shida ya kengele ndiyo itakayoamua kama geti hilo litabaki salama.

Tuanze na geti lenyewe. Ndani ya boksi la mota kuna bodi yenye safu ya mahali pa kukazia nyaya, na kwenye bodi nyingi utasoma maandishi kama COM, START, STOP na PHOTO. Kwenye START bodi haitaki kupelekewa umeme. Umeme inao wake, kwa kawaida volti 24 au pungufu, na inachosubiri ni START iguswe na COM kwa muda mfupi, hata nusu sekunde. Ikiona mguso huo, inaiamuru mota.

Intakomu, kwa upande wake, aghalabu imetengenezwa kufungua kitasa cha umeme cha mlango mdogo. Kitasa hicho kina koili ambayo ikipitiwa na umeme inakuwa sumaku na kuuachia ulimi wa kitasa. Kwa hiyo ukibonyeza kitufe chenye alama ya ufunguo, kinachotoka kwenye nyaya ni umeme wenyewe, mara nyingi volti 12. Geti linangoja hodi tu, intakomu inaliletea mzigo.

Ukiziunganisha hivyo hivyo, matokeo ni ya kubahatisha. Kuna bodi itakayokaa kimya, na kuna itakayofungua geti leo na kugoma kesho. Nyingine itaungua sehemu ya START, na hapo rimoti itaendelea kufanya kazi huku fundi akiapa kwamba bodi haina neno. Kosa pacha ni la kuchota volti 24 za bodi ya geti na kuilisha intakomu ya volti 12 ili kuokoa gharama ya adapta. Adapta iliyookolewa hapo huishia kununuliwa pamoja na intakomu mpya.

Dawa ni relei. Hiki ni kidude kidogo chenye koili upande mmoja na swichi upande wa pili. Volti 12 za intakomu zinaiamsha koili, koili inakuwa sumaku, sumaku inavuta kipande cha chuma, nacho kinagusanisha nyaya mbili za geti. Umeme wa intakomu na umeme wa geti havikutani popote. Wazo lenyewe ni la zamani: mwanafizikia wa Marekani Joseph Henry alikuwa akitumia sumaku-umeme ya saketi moja kuendesha saketi ya pili tangu miaka ya 1830. Bei ya relei ni ndogo mno ukiilinganisha na bodi ya geti, ndiyo maana huwa nashindwa kuelewa fundi anayeona uchungu kuinunua.

Relei ina miguu mitatu upande wa swichi: COM, NO na NC. Geti linafungwa kwenye COM na NO, yaani miguu ambayo haigusani mpaka amri itoke. Fundi akikosea akatumia NC, bodi itaona kana kwamba kuna mtu amelala juu ya kitufe. Geti litafunguka na kukataa kujifunga, au litapuuza rimoti zote. Intakomu kadhaa zina relei yake ndani na miguu hiyo mitatu imetokezwa nyuma ya kifaa cha nje. Ukiiona hapo, huhitaji kununua nyingine. Na kama relei ya nje inatumia umeme wa mkondo mnyoofu, daiodi ndogo ifungwe sambamba na koili, mstari wake ukielekea upande wa chanya. Koili inapozimwa hurudisha mshituko wa volti nyingi kwa muda mfupi sana, na mshituko huo ndio unaoiua intakomu polepole.

Namna ya kumjua mkosaji ni kuanzia katikati. Chomoa nyaya mbili za intakomu kwenye bodi ya geti. Chukua kipande cha waya, gusanisha START na COM mara moja. Geti likitembea, upande wake umepona. Lisipotembea, intakomu haihusiki kabisa. Tazama STOP na PHOTO, ambazo nitazirudia. Kisha shika zile nyaya mbili zilizochomolewa na mita iliyowekwa kwenye volti, huku mtu ndani ya nyumba akibonyeza kitufe. Mita ikisoma volti 12 au karibu na hapo, relei inahitajika. Ikisoma sifuri, geuza mita kwenye kipimo cha mlio. Ikilia pale tu kitufe kinapobonyezwa, nyaya ni sahihi. Ikilia muda wote, kuna shoti au swichi ya ndani imeganda. Isipolia kabisa, waya umekatika au umelegea nyuma ya kifaa cha nje. Kupima volti kutangulie daima, kwa sababu kipimo cha mlio kikiwekwa kwenye waya wenye umeme hudanganya, na mita yenyewe yaweza kuharibika.

Umbali nao una hesabu yake. Nyaya nyembamba za mtandao wa kompyuta, ambazo mafundi wengi hupenda kuzitumia, zina ukinzani wa takriban omu 8 kwa mita 50 kwenda na kurudi. Kitasa cha volti 12 kinachokula ampea 1 kina ukinzani wa omu 12. Jumla ni omu 20, mkondo unashuka hadi ampea 0.6, na kitasa kinapata volti 7 badala ya 12. Kinanguruma bila kufunguka. Waya wa alumini uliopakwa shaba, unaouzwa kama shaba, ni mbaya zaidi, maana ukinzani wake ni zaidi ya mara moja na nusu ya ule wa shaba halisi. Mguso wa START wenyewe unahitaji mkondo mdogo sana, hivyo waya mwembamba unautosha, na relei ikiwekwa ndani ya boksi la geti hunyanyuka kwa mkondo mdogo kuliko wa kitasa.

Geti likijifungua lenyewe usiku, kabla ya kumshuku mlinzi tazama kama waya wa intakomu umepitishwa paipu moja na waya wa volti 230. Umeme wa mkondo geu huweza kuamsha volti kwenye waya jirani, na bodi ikadhani imeamriwa. Pwani, kuanzia Tanga hadi Mtwara na kwa wenzetu wa Mombasa na Unguja, chumvi ya hewani hula maungio na unyevu huchora njia ya umeme kati ya miguu miwili. Kuna na mijusi, ambao hupenda joto la bodi na hufia hapo hapo.

STOP na PHOTO hufanya kazi kinyume cha START. Hizi lazima ziwe zimegusana na COM muda wote; zikiachana nayo, geti linasimama. PHOTO ndiyo njia ya jicho la usalama, mwale usioonekana unaokatwa mtu akipita. Jicho likichafuka, likipinda au waya wake ukiliwa na kutu, bodi inakataa kufunga geti. Fundi mwenye haraka anaweka kipande cha waya kati ya PHOTO na COM. Geti linafunga, kengele inafungua, kila mtu anafurahi, na geti halioni tena.

Kiwango cha Ulaya cha EN 12453 kinataka geti linalofunga lisimbane mtu kwa nguvu inayozidi nyutoni 400 kwenye nafasi finyu, sawa na uzito wa kilo 40 hivi, na nguvu hiyo ishuke kabla ya sekunde 0.75 kupita. Kifua cha mtoto kikibanwa, mbavu hazipanuki na hewa haiingii hata kama moyo ungali unapiga. Ubongo hauwezi kuvumilia kukosa oksijeni zaidi ya dakika chache. Mwaka 2010 nchini Uingereza, wasichana wawili wadogo waliuawa na mageti ya umeme katika miji miwili tofauti ndani ya wiki moja. Kila mtu wa nyumbani, pamoja na dada wa kazi na mlinzi, ajue ufunguo wa kuiachia mota kwa mkono uko wapi na unazungushwaje.

Hatari ya shoti ni hesabu fupi. Mwili wenye ngozi iliyolowa unaweza kuwa na ukinzani wa omu 1,000 hivi. Volti 230 zitapitisha miliampea 230, kiasi kinachotosha kuuvuruga mpigo wa moyo. Breka ya kinga ya mvujo ya miliampea 30 hukata umeme ndani ya sekunde 0.3, na geti lolote la umeme linastahili kuwa nayo. Aliyenaswa asivutwe kwa mkono. Zima meinswichi kwanza. Kazi ya nyaya za volti 230 mwachie fundi mwenye leseni, ya EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya.

Na kabla hujamlipa, mwambie alifunge geti, nawe usukume boksi tupu la karatasi ngumu mbele ya jicho. Geti lisiposimama au kurudi, kazi haijaisha, na asilipwe.